Umeacha kazi au umeachishwa? Neno moja na thamani yake Dubai

Alikuja baada ya Isha, kijana wa Kizanzibari anayekaa Satwa, na bahasha mkononi. Akanipa shikamoo, akakaa, kahawa ikamfika, akanywa fundo moja kisha akasema: "Ami, nimeacha kazi."

Nikamuuliza kama amepata kwengine. Hajapata. Ana deni? Analo. Amechoshwa na kazi ile? Hakuchoshwa nayo. Basi mtu anaachaje kazi katika mji ambao hata kitanda cha kulalia kinalipiwa kodi kila mwezi? Akainamia kikombe. Ndipo alipoifungua bahasha akanikabidhi karatasi ya lugha mbili, Kiarabu upande wa kulia na Kiingereza upande wa kushoto, mistari sita na mahala pa kutia saini. Juu yake pameandikwa istiqala. Yaani kujiuzulu.

"Kampuni inapunguza watu," akasema. "Tumo kumi na moja. Wametwambia tukitia saini hii, hesabu zetu zitatoka upesi."

Nikamwambia: wewe hukuacha kazi, mwanangu. Wewe unaachishwa, na unatakiwa uandike kwa mkono wako kwamba umeacha.

Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa yake, na jina lake nimeliweka kando. Hakikunishangaza. Kilichonishughulisha ni kwamba kabla hajaifungua bahasha, yeye mwenyewe alikwisha kunambia "nimeacha". Kampuni ilikuwa haijapata saini yake, lakini neno ilikwisha kulipata. Alilitoa kwa haya, kama tunavyolitoa sote. Na hapa Dubai neno hilo lina bei yake kwa dirhamu, bei ambayo inaweza kupigiwa hesabu mpaka mwisho.

Tuanze na lugha yetu, maana ndiko tunakoanza kuponzeka. Kiswahili hakikutunyima maneno ya jambo hili. Kitenzi kimoja tu, kuacha, kinatosha kutenganisha mambo yote: ameacha kazi ni yeye aliyeondoka, ameachishwa kazi kuna mtu nyuma yake aliyemwondoa. Herufi chache katikati zimeshakwambia nani kafanya na nani kafanyiwa. Vivyo hivyo kujiuzulu na kuuzuliwa. Mzizi wake ni ule wa Kiarabu, 'azl, kumtoa mtu katika cheo, na sisi tukaongeza "ji" tukapata mtu anayejitoa mwenyewe. Kufukuzwa na kufutwa kazi kuna lawama ndani yake, au angalau harufu ya lawama. Kupunguzwa hakuna lawama: idadi ilikuwa kubwa, ikapunguzwa, na wewe ulikuwamo. Kusimamishwa ni jambo jengine kabisa, maana aliyesimamishwa bado yumo. Kwenye magazeti ya Dar es Salaam kila siku utasoma afisa fulani "amesimamishwa kupisha uchunguzi", na kila msomaji anajua kwamba huyo bado hajatoka, ingawa wengi hawarudi.

Mitaani nako watu wamejitungia ya kwao. Kenya mtu hupigwa kalamu. Pwani na bara husemwa kamwaga unga. Tanzania, tangu Rais Magufuli aingie madarakani mwaka 2015 na msemo wake wa kutumbua majipu, mkubwa aliyeondolewa husemwa katumbuliwa, na papo hapo mtu mzima ameshageuzwa jipu. Ukiyatazama vizuri haya maneno ya utani utaona kila moja lina hukumu yake. Aliyepigwa kalamu, kalamu ilikuwa mkononi mwa mwengine. Aliyemwaga unga, kaumwaga mwenyewe. Mkono wake ndio ulioteleza. Mimi neno hili la pili silipendi hata kwa mzaha, kwa sababu mara nyingi unga huo ulimwagwa na mtu mwengine, kisha akaitwa mwenye njaa aje afagie.

Na juu ya yote hayo kuna maneno ya kujistahi. "Nimepumzika." "Nipo likizo kidogo." "Kazi tumeachana nayo." Huko nyumbani serikali yenyewe imetufunza adabu hii: mtumishi asiyetakiwa hakufukuzwa, alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Mama yuko Mkunazini au Mji wa Kale Mombasa, hutaki alale na fikra, basi unamwambia upo likizo. Hakuna ubaya. Ubaya ni neno la mama linapohamia kwenye karatasi ya mwajiri.

Sasa tuje kwenye maneno ya huku. Kiarabu nacho kina mlango wake mwembamba. Iqala ni kuondolewa katika kazi au cheo. Istiqala ni kuomba kuondolewa. Herufi chache tu zimeongezwa mbele, "sta", nazo katika Kiarabu ndizo za kutaka na kuomba. Ni kazi ileile inayofanywa na "ji" yetu katika kujiuzulu. Mtu aliyesoma Kiarabu cha chuoni, cha kusoma bila kufasiri, huzipita herufi hizo hazioni, na hapo ndipo anapokuwa ameomba jambo ambalo hakuliomba.

Kuna na mtego mwengine ambao unatuhusu sisi khasa. Ofisi nyingi za Dubai zinaendeshwa na ndugu zetu wa India na Pakistani, na wao kujiuzulu wanakwita istifa. Neno hilo sisi tunalo, ila kwetu limekuwa kustaafu: mtu amefikia umri, amepewa kiinua mgongo chake, anapanda miti shambani. Mzizi ni mmoja, kuomba msamaha wa kazi, lakini safari za maneno hazikuwa moja. Nimewahi kukaa na mzee wetu mmoja, dereva wa miaka mingi, ambaye karani alimwambia "istifa" na yeye akaitikia kwa furaha akidhani anapewa haki ya uzee wake. Katika sekta binafsi hapa mgeni hana pensheni ya kustaafia. Alikuwa amejiuzulu.

Kisha kuna neno la mtaani la Ghuba nzima, tafnish. Limetoka kwenye "finish" ya Waingereza na likavalishwa kanzu ya Kiarabu: fannash, yufannish. Uzito wake ni kwamba halina mwenyewe. Mtu akisema fannash anaweza kuwa na maana kwamba kaacha. Wakisema fannashuh, wamemwondoa. Katika mazungumzo ya baraza au ya foleni ya basi tafauti hiyo haidhuru. Katika simu ya afisa wa rasilimali watu anayekwambia "wewe finish, njoo utie saini", tafauti hiyo ndiyo shauri zima.

Kwa nini? Tangu tarehe 1 Januari 2023 Umoja wa Falme za Kiarabu una bima ya kupoteza kazi, iliyowekwa kwa Amri ya Sheria ya Shirikisho Nambari 13 ya mwaka 2022. Ni ya lazima, na asiyejiandikisha hupigwa faini ya dirhamu 400. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirhamu 16,000 hulipa dirhamu 5 kwa mwezi; aliye juu ya hapo hulipa 10. Akipoteza kazi hupewa asilimia 60 ya mshahara wake wa msingi, kwa muda usiozidi miezi mitatu kwa kila dai, na kiwango cha juu ni dirhamu 10,000 kwa mwezi kwa kundi la kwanza na 20,000 kwa kundi la pili. Wengi wetu tunazijua dirhamu tano hizo kwa sababu ya faini, si kwa sababu ya faida. Ni kama kodi ya kuegesha gari: unalipa usije ukaandikwa.

Lakini soma masharti. Uwe umelipa miezi 12 mfululizo. Udai ndani ya siku 30 tangu kazi kumalizika. Uwemo nchini kihalali. Usiwe umefukuzwa kwa kosa la nidhamu. Na usiwe umejiuzulu. Bima ni ya aliyeachishwa, si ya aliyeacha.

Mshahara wa msingi wa kijana wangu ni dirhamu 3,000. Asilimia 60 ni 1,800, na kwa miezi mitatu ni 5,400. Hiyo ndiyo bei ya neno istiqala kwa mtu wa kima chake, na hapo hatujahesabu notisi. Sheria ya kazi, Amri Nambari 33 ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, haimkatazi mwajiri kupunguza watu, lakini inamtaka atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 30 na isiyozidi 90, na siku hizo mfanyakazi hulipwa mshahara kamili. Mwajiri akiwa ndiye aliyevunja mkataba, mfanyakazi ana haki ya siku moja kila wiki, bila malipo, ya kutafuta kazi nyengine. Karatasi ile ya mistari sita ilisema kazi inakwisha "kuanzia leo, kwa maridhiano". Leo! Mshahara wa mwezi mzima wa notisi umezama ndani ya neno maridhiano, ambalo ni zuri sana masikioni.

Kiinua mgongo hakikuwa hatarini. Hili walimtisha nalo bure, na nataka lisemwe wazi kwa sababu ndilo linalowatia watu wengi saini. Kwa sheria ya sasa, aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi hupata haki yake ya mwisho wa khidma hata akijiuzulu: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, jumla isizidi mishahara ya miaka miwili. Na hesabu yote inatakiwa ilipwe ndani ya siku 14 tangu mkataba kumalizika. Hayo ya "itatoka upesi ukitia saini" si hisani ya kampuni. Upesi huo umeshaandikwa na sheria.

Kwa kulinganisha tu: Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa aliyeachishwa siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa kazi, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Kenya, sheria ya 2007 inampa aliyepunguzwa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka. Kwa hiyo mtu wetu aliyezoea hesabu za nyumbani anapotajiwa dirhamu elfu kadhaa mara moja huona amependelewa, akasahau kuuliza kilichobaki.

Hayo ni ya kutoka. Lile la katikati, kutokuwa ndani wala nje, ndilo lina giza zaidi, na hapo ndipo lugha inapotuacha kabisa.

Waingereza wakati wa korona walilifufua neno lao furlough, ambalo asili yake ni verlof ya Kiholanzi, yaani ruhusa. Serikali yao kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2021 ikachangia mishahara ya watu waliokaa nyumbani, hadi asilimia 80 na isizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Jamaa zetu wa London na Leicester waliokuwamo walikuwa na jina la hali yao na fedha ndani ya jina hilo. Sisi tuna ruhusa pia, ya Kiarabu, na ni neno zuri: mgonjwa akiruhusiwa hospitali watu hupika pilau. Mfanyakazi akiruhusiwa, inategemea.

Dubai mwaka 2020 neno lilikuwa likizo bila malipo. Tarehe 26 Machi mwaka ule Wizara ya Rasilimali Watu ilitoa Azimio Nambari 279, lililowahusu wafanyakazi wasio raia, likawapa waajiri ngazi za kupanda: kazi za nyumbani kwanza, kisha likizo yenye malipo, kisha likizo bila malipo, kisha kupunguza mshahara kwa muda, na mwisho kuupunguza moja kwa moja. Hatua hizo zilitaka makubaliano na mfanyakazi, na punguzo la muda liliandikiwa kiambatanisho cha mkataba chenye tarehe ya mwisho. Waliozidi wakaandikishwa katika soko la kazi la mtandaoni, na mwajiri akabaki na wajibu wa kuwapa makaazi na haki zao nyengine, isipokuwa mshahara, mpaka waondoke nchini au wapate kazi kwengine.

Msomaji wa Kiislamu ataona mara moja hali hii inafanana na nini. Ni talaka rejea. Mke yumo katika eda, hakuachwa kabisa, anaweza kurejewa, na nyumba ni haki yake. Tafauti ni kwamba mke wa talaka rejea ana na chakula chake juu ya mume, na eda yake ina siku za kuhesabiwa. Wengi wa mwaka 2020 hawakuwa na hivyo viwili. Walikuwa zaidi kama mwanamke aliyetundikwa, ambaye si wa ndani si wa nje. Na wale waliokwenda nyumbani "kidogo" wakakuta mlango umefungwa nyuma yao: tangu tarehe 19 Machi 2020 hata mwenye ukaazi halali hakuruhusiwa kuingia, na wakabaki miezi Mombasa na Unguja wakiitazama tarehe ya viza ikisogea.

Wakubwa nao hawakusalimika. Kundi la Emirates, ambalo watu wa Dubai walilitazama kama dola ndani ya dola, lilianza kwa kukata mishahara na kutoa likizo zisizo na malipo. Ripoti yake ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilieleza hasara ya dirhamu bilioni 22.1 kwa kundi zima, na wafanyakazi kupungua kwa asilimia 31 mpaka kubaki 75,145. Ikasema pia kwamba ni mara ya kwanza katika taarikhi ya kundi hilo kupunguza watu katika sehemu zake zote. Nililipenda jambo moja katika ripoti ile: lilisemwa kwa jina lake. Hakuna aliyeandikiwa kwamba elfu thelathini na zaidi wameamua kupumzika.

Korona imepita lakini likizo bila malipo imebaki, na sasa hutolewa kila biashara inapolegea, bila ya azimio lolote nyuma yake. Wengi hudhani gharama yake ni mishahara ya miezi hiyo tu. Hapana. Siku zisizolipwa hazihesabiwi katika muda wa khidma. Chukua mtu wa dirhamu 3,000 aliyekaa miaka sita: miaka mitano ya mwanzo ni siku 105, wa sita ni siku 30, jumla 135, sawa na dirhamu 13,500. Akiwa miezi sita ya mwisho alikuwa "likizo", muda wake ni miaka mitano na nusu: siku 120, dirhamu 12,000. Dirhamu 1,500 zimepotea kimyakimya juu ya nusu mwaka wa mshahara. Kwa hiyo anayepewa likizo hiyo na aulize: mpaka lini, nani atalipa nyumba, na je, bima ya kazi itaendelea kulipwa? Asipopewa tarehe ya kurudi kwa maandishi, basi hakupewa likizo. Sijui aiiteje, lakini likizo siyo.

Kusimamishwa nako kuna mipaka ambayo wengi hawaijui. Kwa sheria, mwajiri akimsimamisha mtu kwa uchunguzi wa nidhamu, muda usizidi siku 30 na nusu mshahara uendelee. Akionekana hana kosa, nusu ya pili anarudishiwa. Kusimamishwa kama adhabu, bila mshahara, kusizidi siku 14. Kwa hiyo "umesimamishwa mpaka hali itengemae" ni maneno ya Kiswahili safi yasiyo na nyumba katika sheria hizo mbili. Ama ni likizo bila malipo, na hiyo inataka uikubali, ama ni kuachishwa, na huko kunataka notisi.

Lakini yote hayo yana karatasi. Neno la hatari kuliko yote ni lile lisiloandikwa: "Kaa nyumbani, tutakupigia." Linasemwa kwa upole, pengine na msimamizi ambaye ni mtu wa kwetu na hana nia mbaya. Mfanyakazi anakwenda chumbani kwake, anakaa na simu. Wiki inapita. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 44, inampa mwajiri haki ya kumfukuza bila notisi mtu asiyefika kazini zaidi ya siku saba mfululizo bila udhuru. Siku ya kumi kijana anayesubiri kupigiwa simu anaweza kuonekana kwenye mfumo kuwa mtoro. Na aliyeripotiwa utoro hana dai la bima, na viza yake imeingia mashakani. Hakuacha, hakuachishwa, hakusimamishwa, alitii tu.

Dawa yake ni ndogo kiasi cha kuonewa haya: ujumbe mmoja wa simu, jioni ileile. "Kaka, kama ulivyonambia leo nisije kazini mpaka utakaponipigia, nakuomba unithibitishie." Akijibu "sawa", hiyo sawa ni hati. Asipojibu, ujumbe wako una tarehe na saa. Kwa mdomo tuna adabu nyingi. Kwa maandishi tuwe na adabu hizohizo ila tuandike.

Kuna watu ambao maelezo haya hayawafai, na ni dada zetu zaidi kuliko kaka zetu. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, Amri Nambari 9 ya mwaka 2022, na bima ya kupoteza kazi haiwahusu. Wanawake wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania waliomo humu wamo majumbani. Kwao neno la kuachishwa mara nyingi si barua, ni begi lililowekwa karibu na mlango na tiketi, au safari ya kurudishwa ofisi ya wakala, na huko wakala husema "amerudishwa", kama nguo isiyomkaa mnunuzi. Mada yao inataka makala yake peke yake. Walio katika eneo la fedha la DIFC nao wana sheria yao mbali, lakini hao aghlabu wana mawakili.

Kwa sisi wenye mguu mmoja Muscat, inafaa kutazama upande wa pili wa mpaka. Oman neno limetoka ofisini likafika barabarani. Musarrahin, walioachishwa kazi, ni jina la kundi zima la watu katika siasa za nchi. Mwezi Mei 2021 vijana walikusanyika Sohar na miji mengine, wasio na kazi pamoja na walioachishwa, na Sultan Haitham akaamuru zitafutwe nafasi za kazi 32,000. Kabla ya hapo, Agosti 2020, Amri ya Kisultani Nambari 82 ilikwisha kuweka mfumo wa usalama wa ajira kwa raia. Neno lenyewe, tasrih, ni kuachia, kama mifugo inavyoachiwa asubuhi kwenda malishoni, na Qur'ani imelitumia kwa talaka inayotolewa kwa wema. Waomani hawa hawakusema wamepumzika. Walisimama barabarani wakajiita kwa jina la jambo lililowapata, na jina hilo likaingia katika amri na mifuko ya serikali. Sisemi Mswahili wa Dubai, mgeni mwenye viza ya miaka miwili, akasimame barabarani. Hilo hapa halifai wala sikuliwazia. Nasema tu kwamba kundi lisilojiita jina lake halihesabiwi.

Najua hoja ya upande wa pili, maana kijana alinipa mwenyewe. "Ami, nikiandikiwa nimeachishwa, nani atanichukua? Kujiuzulu kuna heshima." Si hoja ya kipuuzi. Mwajiri mpya atauliza, na sisi watu wa pwani hatupendi kujibu. Lakini kuachishwa kwa sababu ya kupunguzwa si kosa la nidhamu, na hakumzuii mtu kupata kibali cha kazi kwengine. Katika mji huu, ambao tangu msukosuko wa 2008 na 2009 umeona kampuni zikivimba na kusinyaa, karani wa ajira ameshaona barua za kupunguzwa kuliko alivyoona mvua. Anachokitilia shaka ni mtu aliyejiuzulu ghafla bila ya kuwa na kazi nyengine. Heshima inayogharimu mishahara ya miezi miwili na zaidi naiona ni ghali, ila siwezi kumpangia mtu bei ya uso wake.

Jambo la mwisho nililomwambia ni la muda. Aliyekwisha kutia saini naye hajafungiwa milango yote. Malalamiko hupelekwa Wizarani kwanza, na tangu mwanzo wa 2024 Wizara yenyewe inaweza kukata shauri la dai lisilozidi dirhamu 50,000. Kwa mabadiliko ya mwaka 2024, muda wa kudai ni miaka miwili tangu kazi kumalizika. Dai la mfanyakazi lisilozidi dirhamu 100,000 halina ada ya mahakama. Lakini kuthibitisha kwamba saini yako haikuwa hiari yako ni mlima, na afadhali usiupande.

Asubuhi yake alirudi ofisini na karatasi ikiwa haina saini. Aliomba kwa Kiingereza chake, kwa upole, aandikiwe barua inayosema kampuni ndiyo iliyomaliza mkataba na sababu yake. Walimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu wakampa, na notisi ya siku 30. Katika wale kumi na moja, wanne walikuwa wamekwisha kutia saini siku ya kwanza, mmoja wao mtu wa Malindi anayekaa naye chumba kimoja, na sasa wanakwenda Wizarani pamoja, yeye kwa dai la bima na mwenzake kwa malalamiko.

Juzi alinisikilizisha ujumbe wa sauti aliompelekea mama yake Unguja. Alianza kwa salamu ndefu, akauliza hali ya bibi, akauliza mvua. Kisha akanyamaza kidogo, gari zikasikika nyuma yake, akasema: "Mama, sipo likizo. Wameniachisha."